Kadi Chini ya Figili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta salama, goti limetulia, na maji ya kimbunga hayajaingia tena kwenye stoo ya mchele. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyo nitakueleza, ila nakuomba kwanza ufunge kibanda, unawe mikono, ule chochote, ndipo ukae usome. Nakujua unavyosoma barua: umesimama, kijiko mkononi, unaruka mistari kutafuta habari mbaya. Safari hii usiruke. Nimeyapanga mambo kama yalivyotokea, na ukianzia mwisho utaniudhi.

Najua umeshaigeuza bahasha mbele na nyuma ukitafuta anwani yangu na hukuiona. Sikusahau. Wala muhuri wa posta usikupoteze, mimi siishi mji ule. Aliyeitia barua hii sandukuni ni rafiki yangu, na mimi ndiye niliyemwomba aipeleke mbali. Nimehama tena, Mama. Kile chumba cha juu ya duka la miwani, ulichokuja ukakisugua mpaka dari, nimekiacha. Sikukupigia simu kukwambia kwa sababu wewe simu unaizungumzia kibandani, tena kwa sauti ile ile ya kuitia wateja, na mke wa muuza samaki ana masikio makubwa kuliko beseni lake. Shangazi yake Guorong bado ananunua samaki pale. Haya yaliyomo humu hayatakiwi kupita kibandani hata kwa kunong'ona.

Unaona nimeanza na kumtaja Guorong, mtu ambaye tangu mahakama itutenganishe nilikuwa nimekataa kulitia jina lake mdomoni. Ndiye habari yenyewe. Lakini usiruke.

Nianze na mtihani wa kazi ya serikali, maana kila Jumapili ulinipigia ukaniuliza ulikuwaje, nami nikakujibu kwamba ulikuwa wa kawaida, nikageuza maneno tukaanza kuongea habari za goti lako. Haukuwa wa kawaida. Kujiandaa tu kulinitoa jasho. Unajua alfajiri nilikuwa nikikaanga chapati za mayai kwenye duka la kifungua kinywa, na jioni nikikaa tuisheni kwenye kile kijumba cha ubao, vifaa vya kusikilizia masikioni, mwalimu kwenye skrini anaongea haraka kama mnadani. Insha ya Kichina sikuiogopa. Katiba na Kiingereza niliviogopa kiasi. Sheria za ndoa na urithi nilizisoma huku meno yameumana, kwa sababu kila ukurasa nilijikuta mimi mwenyewe mle ndani. Nilikuwa nikirudia vifungu mbele ya kikaango bila kujijua, mpaka bosi akaniambia wateja wanalalamika. "Wewe Sulian, mtu anataka yai, unamsomea hukumu. Mwenzio amekuja na njaa, anaondoka anamwogopa mkewe."

Sheria ya daftari la wakazi ndiyo niliyoipenda. Uliwahi kuniuliza kwa nini nimechagua nafasi hizo chache zinazogombewa na watu wengi namna ile, nisichague utawala wa kawaida kama wengine, nikakwambia mshahara ni ule ule. Sababu haikuwa hiyo. Nilipomkimbia Guorong, yule karani wa dirishani kwenye ofisi ya daftari aliniangalia shavu, hakuuliza kitu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba naweza kuomba anwani yangu ifungwe, ili mtu aliyezuiwa na mahakama asiipewe hata akija na vitambulisho vyote duniani. Nikatoka pale nikiwa nimepata mlango wenye kufuli. Tangu siku hiyo nilitaka kukaa upande ule wa dirisha. Sehemu hiyo ya sheria niliijua kuliko wimbo wowote.

Sasa kumbuka ulivyonipigia kabla ya mtihani, ukataka nikutumie picha ya kadi yangu ya mtihani ili mwenye duka la dawa akutolee nakala ukaiweke hekaluni, mezani pa Bwana Wenchang, mungu wako wa mitihani. Ulisema mama wote wa mtaa wamekwisha peleka za watoto wao, na wewe huwezi kumwacha wa kwako akaonekana hana mtu. Nilicheka, nikakutumia. Jioni ukaniambia umepeleka seleri, vitunguu majani, na figili nyeupe kubwa kama mguu wa mtoto, na kadi umeiweka chini ya figili ili feni la hekalu lisiipeperushe, na umeandika kila kitu ambacho Bwana Wenchang anahitaji ili asibabaike. Nikakwambia asante. Ukaendelea na mahekalu mengine mawili, maana wewe huwa huridhiki na moja.

Siku ya kwanza ilianza vizuri. Shule ya mtihani ilikuwa na miti mingi uani, na chini ya miti walikaa jamaa za watahiniwa na viti vyao vya kukunja, mabegi ya barafu, vipepeo vya mkono na mataulo, kama ilivyo kawaida. Niliwaonea wivu kidogo, kisha nikajiambia mama yangu ana kibanda na goti. Kiti changu kilikuwa karibu na dirisha, ghorofa ya pili. Nyuma yangu alikaa mama mmoja mnene mwenye kofia ya manjano, kibarua wa miaka mingi katika ofisi ya mji mdogo, aliyekwisha fanya mtihani huu mara nyingi mpaka wasimamizi wanamsalimia kwa jina. Anaitwa Caiyun. Niliandika insha mpaka kidole kikaingia shimo, kengele ikalia, nikashuka kunywa maji.

Ndipo nikamwona. Amekaa kwenye kigoda cha plastiki katikati ya wamama, shati jeupe limepigwa pasi, anapepea, anagawa vipande vya mapera kwenye kifuniko cha sufuria. Wamama wanacheka. Mama, nilishika mti. Mmoja wao akanipungia mkono akasema, "Ndiye huyu? Njoo mwanangu, mumeo amekaa kwenye joto hili tangu asubuhi. Wa kwangu hata kunishikia mwavuli hajawahi." Mwingine akasema wanaume wa namna hii wamekwisha, amebaki huyu wa mwisho.

Yeye hakuinuka. Alitabasamu tu, akanyanyua mfuko wa wali wa kunata uliofungwa kwa majani, ule wanaoletewa watahiniwa wapate bahati. Akaniambia, kwa upole ule ule ambao wewe mwenyewe uliwahi kuusifu, kwamba nimekonda, nikae nile, maana kengele ya karatasi ya pili haijakaribia. Ratiba yangu alikuwa nayo kichwani. Akasema amechagua kukaa pale kwa sababu anaweza kuliona dirisha langu. Halafu akaongeza, wamama wote wakisikia, "Jioni usihangaike na basi. Nitakusindikiza mpaka pale juu ya duka la miwani." Wamama wakasema aah, kwa raha.

Nilipanda ngazi nikajifungia chooni. Nataka ujue jinsi nilivyoogopa, maana wewe huniona jasiri na mimi huacha uamini hivyo. Niliogopa mpaka nikasahau nimeshika nini mkononi. Nilikuwa nimebana kalamu mpaka wino umenichafua gauni zima. Nilijua kwa siku mbili nzima mtu yule ana habari ya kila mahali nitakapokuwa, kila kengele itakapolia, na mlango upi nitatokea. Nikikimbia, mwaka umepotea, na mwaka mwingine wa chapati na kijumba cha ubao sikuwa nao tena moyoni. Nikibaki, yuko chini. Na chumba changu anakijua.

Nikaanza kujiuliza nani kanisaliti. Nilimshuku bosi wangu. Nilimshuku mhasibu wa tuisheni. Nilimshuku hata yule karani wa dirishani, Mungu anisamehe, mtu aliyenitendea wema kuliko wote. Halafu, Mama, nikakushuku wewe. Nilikumbuka ulivyoniambia mwaka jana kwamba alikuja kibandani akalia mbele ya wateja, na kwamba mwanamume akilia si mchezo, na labda amebadilika. Nilikaa kwenye choo kile nikisema moyoni, mama yangu amemhurumia, mama yangu ndiye aliyempa. Huo ndio uliokuwa woga mkubwa kuliko wa yule aliyekaa chini, na ndio ulionifanya nilie.

Dada Caiyun ndiye aliyegonga mlango. Alisema kupitia tundu la kitasa, "Mdogo wangu, wewe unatetemeka toka ulipoingia hapo juu, na ngazi ulipanda kama unafukuzwa. Kama ni mtihani, kunywa maji. Kama ni mwanamume, fungua nikuone." Nikafungua. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, talaka, hati ya mahakama ya kumzuia asinikaribie, mapera, duka la miwani. Hakushangaa. Aliniosha uso na maji ya bomba kama mtoto, akanipeleka kwa mkuu wa kituo cha mtihani.

Mkuu alikuwa mzee mpole. Alisema anaweza kuwaita polisi sasa hivi, lakini akaniambia ukweli kwamba watanihitaji kituoni kwao nikatoe maelezo, na kengele haitanisubiri. Mlango ukifungwa hata yeye hana ruhusa ya kuufungua. Akaniuliza nataka nini. Nikajisikia nikisema nataka kufanya karatasi yangu. Akanitazama, akasema basi atamwambia mlinzi asimruhusu mtu yule kupanda ngazi, na polisi atawaita bila mimi kutoka chumbani. Siku hiyo polisi walipofika, kigoda kilikuwa kitupu. Wamama wakawaambia kwamba mume mwema ameenda kununua barafu.

Jioni tulitoka kupitia jikoni mwa shule, mimi nimevaa kofia ya manjano ya Dada Caiyun, na nikalala nyumba ya wageni alikofikia yeye na mama yake. Huyo mama yake ni bibi mdogo wa umbo, mkali wa macho, anayemsindikiza bintiye kila mwaka na kigoda chake mwenyewe. Aliposikia habari zangu alikasirika, na kilichomkasirisha kwanza ni tumbo lake. "Nimekula mapera yake," alisema. "Na nikamwombea dua njema mtu yule. Nikaomba na mapera ya kubeba." Alikaa akijilaumu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza jina la mama yangu ni nani, na unauza nini. Nikamwambia mikate ya mchele ya bakuli. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa anachokihitaji.

Siku ya pili karatasi ya asubuhi ilikuwa ya daftari la wakazi. Nilikaa, nikaangalia dirishani, na kigoda chake kilikuwa pale pale, na yeye juu yake, na leo amekuja na tikiti maji. Karatasi zikagawiwa, nikasoma swali la kwanza mara nyingi bila kuelewa hata ni lugha gani. Swali la tatu, Mama, liliuliza karani afanye nini mtu akija kuomba anwani ya aliyekuwa mkewe, naye mke ana hati ya mahakama. Usikimbilie kusema ni Bwana Wenchang; mwalimu wa tuisheni alisema swali hilo hutokea mara kwa mara. Lakini nililitazama nikaona maneno yanacheza.

Madirisha yalikuwa wazi kwa joto, na sauti za uani zilipanda mpaka kwetu. Kwanza nikasikia kicheko cha wamama. Halafu sauti ya yule bibi, nyembamba, ya kupenya ukuta, ikimuuliza Guorong mkewe anafanya mtihani wa kazi gani. Akajibu wa serikali. Bibi akasema hapa wote ni wa serikali, kwani anadhani sisi tumekuja kununua viatu? Mkewe anafanya kazi wapi? Anapenda kula nini asubuhi? Mama mkwe wake anauza nini? Hilo la mwisho alilijibu sawasawa, mikate ya mchele, na bibi akamwambia, "Vizuri. Basi twambie mahakama ilikuamuru ukae mbali na binti wa muuza mikate umbali gani, maana hapa pamekaribia sana."

Kisha nikaisikia sauti yake, ile nyingine, ambayo wamama hawakuwa wameisikia. Sitakuandikia aliyoyasema. Nilipoisikia tu, mkono wangu wa kulia ulijificha wenyewe chini ya meza. Haikuwa akili yangu iliyouamuru. Nilikaa pale mtu mzima, kalamu iko juu ya karatasi na mkono uko magotini, na sikuweza kuutoa. Msimamizi alinitazama. Chini kikaanguka kigoda, na wamama wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja, kelele ya sokoni hasa, mmoja anamwita mlinzi, mmoja anamwambia asithubutu kumnyooshea bibi kidole, mmoja anadai arudishiwe ile dua ya jana.

Dada Caiyun alikipiga teke kiti changu. Haruhusiwi kusema, kwa hiyo alipiga teke tena, taratibu, kama anayemwamsha mtu kwenye treni. Nikautoa mkono. Nikaanza na swali la tatu. Niliandika kwamba karani hatampa, na kwamba hatampa hata akilia, ingawa hilo la kulia halimo kwenye sheria na huenda limenikata alama. Niliandika huku nasikia polisi wanamchukua. Niliandika mpaka kengele, na sikuinua macho kutazama dirishani hata mara moja, kwa sababu niliogopa kwamba nikitazama nitamkuta bado amekaa.

Baada ya karatasi ya mwisho polisi walinisubiri uani. Alikuwa afisa mwanamke, kijana. Alinieleza kwamba wamemkamata kwa kuvunja amri ya mahakama, na kwamba alipokuwa anapandishwa gari alikuwa anasema mama mkwe wake mwenyewe ndiye aliyemwelekeza. Nilihisi nakufa. Nikamwambia afisa sitaki kusikia. Akasema hapana, tazama, ndivyo alivyokupata, na akanionyesha picha iliyotoka kwenye simu ya Guorong.

Niliona figili, Mama.

Niliona figili yetu nyeupe kwenye sahani nyekundu, na chini yake kadi yangu, namba ya kiti, jina la shule, chumba, tarehe. Na pembeni, kwa mwandiko wako mkubwa wa kubonyeza, siku yangu ya kuzaliwa, na mtaa, na namba ya nyumba, na maneno haya: juu ya duka la miwani, ngazi ya nyuma. Uliandika na ngazi ya nyuma, ili mungu asije akabisha hodi mlango wa mbele akakosa mtu. Kumbe tangu watu walipoanza kupewa kadi zao, Guorong alikuwa akipita hekaluni karibu kila siku, anafunua zile nakala moja moja kama mtu anayechagua mboga. Alimwambia afisa kwa kujivuna kwamba alijua wewe hutamwambia yeye neno, lakini kwa mungu hutaweza kunyamaza.

Nikwambie nilivyohisi. Kwanza nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu mbele ya afisa yule, kwa sababu hukunisaliti, hukumhurumia, hukumwambia kitu. Halafu nikalia, na sijui nilikuwa namlilia nani.

Sasa nakusihi, nakupigia magoti kwenye karatasi hii, usijipige kifua. Usifunge kibanda kwa ajili hiyo, usikatae kula. Ulifanya walichofanya mama wote wa mtaa, na mimi niliyeikariri sheria nzima ya kuficha anwani ndiye niliyekutumia kadi nikicheka, wala sikuuliza umeandika nini. Ningeweza kukuficha hili. Nilitaka kukuficha. Lakini wewe ukifurahi unakwenda hekaluni, ukihuzunika unakwenda hekaluni, na kila mara unabeba karatasi, na Guorong ameachiwa akisubiri kesi. Kwa hiyo nenda kesho, asubuhi kabla ya watu, na yale mahekalu mengine mawili pia, uchukue kila karatasi yenye mwandiko wako. Na ukimwona yeye kibandani, analia au halii, mwite mwenye duka la dawa, usimpe hata kigoda.

Limebaki moja. Wiki iliyopita uliniuliza habari za matokeo, nikakwambia yamechelewa. Nilikudanganya. Yametoka, na majina yamebandikwa kila mtu ayaone, na lazima Guorong ameliona la kwangu. Nimefaulu, Mama. Mimi na Dada Caiyun wote, yeye karibu na mkia kabisa, na anasema mkia nao ni ng'ombe. Mwaka mzima nimeogopa kufeli, na tangu niione karatasi ile naogopa kufaulu, maana kwenye ofisi za daftari kila karani huwekewa jina lake mezani, na yeyote anaweza kuvuta namba akaja kukaa mbele yake. Nimeomba kituo cha mbali, nimemweleza mkubwa wa ajira sababu, amesema watanisaidia kuhusu lile jina. Sijui kama watanisaidia. Ninaogopa hivi ninavyoandika. Lakini nitakwenda, nitakaa upande ule wa dirisha.

Kwa hiyo usipige fataki. Usibandike karatasi nyekundu ya pongezi mlangoni, najua ulikwisha inunua na iko chini ya godoro. Mke wa muuza samaki akikuuliza, mwambie hatujui bado. Bwana Wenchang umpelekee figili yake ya shukrani, tena kubwa, lakini mtajie jina langu tu, tena kimoyomoyo. Kwangu atapajua mwenyewe, kama ni mungu.

Nawasalimu mwenye duka la dawa, na paka, na goti. Siku moja kabla mwezi haujaisha atakuja kibandani mama mnene mwenye kofia ya manjano, atanunua mikate miwili na atakataa chenji. Usimuulize kitu mbele za watu. Funga kibanda umfuate, ndiye atakayekuleta kwangu. Hadi hapo, ukiisha soma, ichome barua hii kwenye jiko la mikate, na ukijikuta umesimama pale unalia na mtu akakuuliza una nini, mwambie ni mvuke.

Mwanao anayekupenda,

Sulian